Mlango Unaokwama: Tuvumilie au Tutengeneze?



Tunapozungumza juu ya ndoa, mara nyingi tunataja mambo makubwa: fedha, wakwe, ulevi, malezi ya watoto. Leo tunawaomba mtazame jambo dogo sana lililomo chumbani mwenu. Nalo ni mlango wa kabati la nguo.

Nyumba nyingi tunazojijengea huku Mitaboni, na kwingineko Machakos, zina vyumba vya kulala vyembamba. Kitanda kikishaingia, nafasi inayobaki haitoshi kufungua mlango wa kabati wenye bawaba. Ndiyo maana baadhi ya familia hununua, au humwagiza seremala, kabati lenye milango ya kuteleza, yaani ile inayosukumwa kando juu ya reli. Mlango wa namna hiyo ukiwa mpya unausukuma kwa kidole kimoja. Lakini baada ya miaka kadhaa huanza kukokota, kisha hukwama, na mwishowe hauendi mpaka uuinue kidogo kwa mkono mmoja na kuusukuma kwa nyonga.

Huenda nanyi mnao mlango kama huo. Basi jiulizeni: ni nani nyumbani kwenu anayejua namna ya kuufungua? Mara nyingi ni mmoja tu. Kama ni mama, yeye huamka saa kumi na moja alfajiri kubandika chai na kutafuta sare za watoto, na amejifunza kuuinua mlango polepole ili baba asiamke. Kama ni baba anayewahi matatu ya kwanza ya kwenda Machakos mjini, basi yeye ndiye aliyejifunza. Yule anayebaki kitandani hajui kwamba kuna shida, kwa sababu hasikii kelele. Ukimwuliza atakuambia kwamba kabati ni zima.

Sasa, swali letu ni hili. Huyu anayeuinua mlango kila alfajiri bila kusema neno, je, ana fadhila ya uvumilivu? Au kuna jambo jingine ambalo sisi tumelipa jina la uvumilivu? Swali hili halihusu kabati peke yake. Wanandoa wengi wanaishi miaka mingi na jambo fulani linalokwama kati yao, mmoja akilibeba kimya kimya, na majirani wakiisifu nyumba hiyo kuwa ni nyumba ya amani.

Kulika si kosa

Kwanza tuelewe jinsi mlango wenyewe unavyoharibika. Milango mingi ya kuteleza hubebwa kutoka chini na vigurudumu viwili, kimoja kila upande. Juu huwa na vishikizo tu vya kuuzuia usianguke. Kwa hiyo uzito wote wa mbao, na wa kioo kama kipo, unavikalia vigurudumu viwili vya nailoni ambavyo mara nyingi si vikubwa sana kuliko sarafu ya shilingi 20.

Tunajua vumbi letu jekundu la miezi ya Julai hadi Septemba. Linaingia kwenye reli ya chini na kukaa humo. Nywele na nyuzi za nguo nazo hujizungusha kwenye mhimili wa kigurudumu. Siku moja kigurudumu kinaacha kuzunguka, lakini kwa kuwa mlango bado unasukumwa, kinaburutwa. Kikiburutwa kinalika upande mmoja. Kikilika, mlango unainama upande huo, na kona yake inaanza kuikwaruza reli. Kigurudumu cha pili sasa kinabeba uzito uliopaswa kubebwa na viwili, nacho kinachakaa haraka. Mtu akizidi kuusukuma mlango kwa nguvu, reli inapinda. Hapo hata ukinunua vigurudumu vipya havitadumu, kwa sababu vitapita juu ya reli iliyoharibika.

Tazameni tena maelezo hayo. Yuko wapi mkosaji? Hayupo. Kigurudumu kimelika kwa sababu kimefanya kazi yake. Hata hivyo, katika nyumba nyingi neno la kwanza ni, "Ni nani ameharibu mlango huu?" Mama atasema baba alinunua kabati la bei rahisi. Baba atasema mama anausukuma kwa hasira. Mwishowe mtoto mdogo, ambaye hana wa kumtetea, ndiye anayetajwa. Wakati huo wote mlango umekwama vilevile.

Katika ndoa pia kuna mambo yanayolika bila mtu kukosa. Mlipooana mlipatana namna ya kugawana kazi za nyumbani. Wakati huo mlikuwa wawili. Leo mna watoto wanne, na mama mzee anaishi nanyi, na mpango ni uleule wa zamani. Mlipatana juu ya fedha wakati mshahara ulikuwa mmoja. Sasa ni miwili, au hakuna hata mmoja. Mlikuwa na desturi ya kuelezana habari za siku baada ya chakula cha jioni, lakini simu na uchovu vimeimaliza polepole. Hakuna aliyevunja kitu. Mpango ulibeba uzito wenu miaka kumi, ukalika.

Kwa hiyo tutenganishe maswali mawili ambayo huwa tunayachanganya. Moja ni, "Nani amekosa?" Jingine ni, "Nani anapaswa kutengeneza?" Huenda swali la kwanza halina jibu. Swali la pili lina jibu siku zote: tunapaswa sisi wawili, kwa sababu mlango ni wetu sote.

Uvumilivu ni nini?

Sote tumefundishwa kwamba mvumilivu hula mbivu, na methali hiyo ni ya kweli. Lakini tuitazame vizuri. Anayengoja tunda liive anangojea kitu ambacho muda wenyewe utakileta. Kigurudumu kilicholika hakiivi. Kila siku unayongoja kinazidi kulika. Kungoja huko hakuna tunda mwishoni mwake.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeishi katika karne ya 13, aliufikiria sana uvumilivu. Alipozipanga fadhila, aliuweka uvumilivu chini ya fadhila ya nguvu, yaani ile fadhila ya ujasiri tuliyojifunza katika mafundisho pamoja na busara, haki na kiasi. Kwa maoni yake, mvumilivu ni mtu ambaye huzuni haimvunji moyo hata akaliacha jema. Hebu pimeni maneno hayo. Kama uvumilivu ni mtoto wa ujasiri, basi hauwezi kuwa jina la woga. Mtu anayenyamaza kwa sababu anaogopa uso wa mwenzake utakavyobadilika, huyo bado hajafika kwenye uvumilivu. Pengine kinachohitaji ujasiri zaidi kwake ni kusema, "Baba watoto, mlango huu umenichosha. Jumamosi tuutazame pamoja."

Kuna madhara mengine ya kunyamaza kwa namna hiyo. Anayebeba peke yake huanza kuhesabu. Hasemi kitu, lakini anahesabu: leo ni siku ya mia nne nimeuinua mlango huu, na yeye amelala tu. Siku atakaposema, hatasema habari za mlango. Atasema, "Wewe hujawahi kunijali." Naye mwenzake atashangaa kabisa, kwa kuwa hakuwahi kuambiwa. Huyo aliyelala amekosewa pia. Amenyimwa nafasi ya kusaidia, kisha akahukumiwa kwa kutosaidia.

"Lakini nitakuwa mtu wa kulalamika"

Hapa msomaji anaweza kutupinga, naye ana haki. Anaweza kusema: "Nikitaja kila kitu kinachokwama, nyumba haitakuwa na amani hata siku moja. Mume wangu anakoroma. Mke wangu anachelewa kujitayarisha tukienda kanisani. Je, kila kitu kitengenezwe?"

Hapana. Mlango unaweza kuwa na kelele kidogo na bado ukaenda vizuri kwa miaka ishirini. Si kila kelele ni ugonjwa. Mtu asiyeweza kuishi na dosari yoyote ya mwenzake hajajiandaa kuishi na binadamu, naye mwenyewe anavumiliwa kwa mengi asiyoyajua. Kwa hiyo tunahitaji busara ya kupambanua. Haya ni maswali matatu yanayoweza kuwasaidia.

La kwanza: je, jambo hili linazidi kuharibika kadiri tunavyoliacha? Mkoromo wa mwaka huu ni sawa na wa mwaka jana. Lakini deni linalofichwa, au kimya cha mezani, huwa kinakua.

La pili: je, mmoja wetu anabeba uzito wa wawili? Hili ni swali la haki. Kuvumilia pamoja ni jambo jema, lakini kama uvumilivu wote umemwangukia mtu mmoja na raha yote mwingine, hapo haki imekosekana hata kama hakuna anayelia.

La tatu: je, tunaweza kulirekebisha? Kama ni ugonjwa usiopona, umaskini wa mwaka wa ukame, au mtoto aliyezaliwa na ulemavu, hapo uvumilivu ni mahali pake, tena ni mtukufu. Lakini kama dawa iko dukani na kazi ni ya saa moja, tusiite uvumilivu kile ambacho ni uvivu au aibu.

Tujifunze kwa matuta yetu

Sisi watu wa Machakos hatuna udhuru wa kutolielewa jambo hili, kwa sababu mashamba yetu yanatufundisha. Katika miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni waliandika kwa masikitiko juu ya ardhi ya Machakos jinsi ilivyokuwa ikiliwa na mmomonyoko. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha jambo la kushangaza. Tangu miaka ya 1930 hadi 1990 idadi ya watu katika Machakos ya wakati huo ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na hata hivyo ardhi ilikuwa ikitunzwa vizuri zaidi kuliko zamani. Sababu mojawapo ni matuta, mengi yakiwa ya ile namna ya "fanya juu", ambapo mtaro huchimbwa na udongo ukatupwa upande wa juu. Mengi yalichimbwa na vikundi vya mwethya, ambamo akina mama walikuwa wengi.

Lakini tuta halichimbwi mara moja likaachwa. Maji hutafuta mahali palipo chini kidogo na kupita hapo. Ufa wa upana wa kiganja mwezi wa Novemba unaweza kuwa korongo kabla ya Krismasi. Kwa hiyo mkulima mwangalifu huyapitia matuta yake kabla ya mvua za Oktoba na za Machi, jembe mkononi.

Mtazameni mkulima huyo. Mvua isiponyesha, anavumilia, kwa maana mvua haiko mikononi mwake. Tuta likibomoka, anachukua jembe. Hasemi, "Tuta hili ni msalaba wangu." Wala hakai kando akiuliza ni nani aliyelibomoa. Shambani tunajua tofauti hiyo vizuri sana. Tukiingia chumbani tunaisahau.

Namna ya kutengeneza

Turudi kwenye kabati, maana hatutaki mmalize kusoma mkiwa na mawazo mazuri na mlango uleule. Kazi hii inawezekana bila fundi, lakini ni ya watu wawili.

Toeni nguo zilizo karibu na mlango. Mmoja ashike upande huu na mwingine upande ule. Inueni mlango wima kuelekea reli ya juu, kisha vuteni sehemu ya chini ije kwenu, na mlango utatoka. Kama kuna kijisahani au skrubu ya kuzuia usitoke, kifungueni kwanza kwa bisibisi. Ikiwa mlango una kioo, msiharakishe, na watoto wakae mbali. Ulazeni juu ya blanketi.

Safisheni reli ya chini kwa brashi na kitambaa, mwondoe vumbi, nywele na nyuzi. Pitisheni kidole kuona kama imepinda au ina mikwaruzo. Wakati mwingine mtagundua kwamba kigurudumu ni kizima ila kimekabwa na nyuzi. Hapo mmeponea bila gharama. Lakini kama kimelika upande mmoja au kinayumba kwenye mhimili wake, ni cha kubadilisha.

Fungueni skrubu, mkitoe, na mwende nacho dukani. Msiende na maelezo ya mdomo. Muuza vifaa anahitaji kuona kipenyo, unene, umbo la ukingo wake kama ni bapa au una mfereji, na nafasi kati ya matundu ya skrubu. Tofauti ndogo tu inatosha kukifanya kisikae kwenye reli yenu.

Kisha, hili ni la muhimu: nunueni viwili. Kishawishi ni kubadilisha kile kilichoharibika tu. Lakini kile kingine nacho kimekuwa kikibeba uzito wa ziada. Ukiweka kipya upande mmoja na kilichochakaa upande wa pili, mlango utainama tena, na kipya kitalika kabla ya wakati wake. Vivyo hivyo katika mapatano ya nyumbani. Mkisema, "Kuanzia leo mama apunguze hasira," na baba asibadilishe chochote, mmeweka kigurudumu kimoja.

Mkirudisha mlango, angalieni kama vigurudumu vina skrubu ndogo ya kurekebisha urefu. Izungusheni kidogo kidogo kila upande hadi mlango usimame sambamba na ukuta wa kabati. Msitie grisi wala mafuta ya kupikia kwenye reli, kwa sababu vumbi letu litanata humo na baada ya miezi michache mtakuwa mahali pale pale. Reli safi na kavu inatosha. Isafisheni kila mnapopitia matuta yenu, mara mbili kwa mwaka.

Mipaka ya mfano huu

Mfano wowote una mwisho wake. Mume au mke si kigurudumu, wala hakuna duka la kumbadilishia. Wapo wanaoona mlango umekwama na kusema kabati lote ni bovu, kumbe kilicholika ni kitu cha ukubwa wa sarafu. Kabla hamjasema "ndoa yetu imeharibika", tafuteni kwanza ni kitu gani hasa kilicholika. Ni desturi ipi? Ni mapatano yapi? Mara nyingi ni dogo kuliko mlivyodhani.

Upande mwingine pia una mpaka. Kipigo, vitisho na udhalilishaji havikuingia katika yale tuliyosema kuhusu kulika bila kosa. Hapo mkosaji yupo. Anayepigwa asiambiwe avumilie ili nyumba ionekane ina amani. Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alieleza kwamba kuwa na uvumilivu si kukubali kutendewa vibaya daima, na kwamba kuna nyakati ambapo kutengana huwa lazima ili kumlinda mwenzi dhaifu au watoto. Nchini Kenya tuna sheria ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, na mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Kutafuta msaada huo si kuisaliti ndoa.

Zungumzeni nyumbani

Wiki hii tafuteni nusu saa, watoto wakiwa wamelala, na kila mmoja amjibu mwenzake bila kukatizwa:

1. Ni kitu gani nyumbani mwetu ninachokiinua kila siku bila wewe kujua?

2. Kwa nini sikukuambia? Je, niliogopa, nilichoka, au nilifikiri ni wajibu wangu peke yangu?

3. Ni mapatano gani ya zamani ambayo yametusaidia sana, lakini sasa yamelika?

4. Kila mmoja wetu atabadilisha nini upande wake, ili mlango usiiname tena?

Anayesikiliza asijitetee. Aseme tu, "Asante kwa kuniambia." Kisha, kama kabati lenu nalo linakwama, Jumamosi chukueni bisibisi.